Grand Slam kwa mara ya kwanza: siku ipi, tiketi ipi, na utajuaje nani anacheza lini?

MkonoMmoja

Wadau wa tenisi, salaam. Naomba mnisaidie kupanga safari ya kwanza ya kutazama Grand Slam uwanjani, yaani mojawapo ya mashindano manne makubwa: Australian Open (Melbourne), Roland Garros (Paris), Wimbledon (London) na US Open (New York). Mechi za ziara ya wachezaji wa kulipwa nazifuata kwenye runinga mwaka mzima, za wanaume na za wanawake, kwa hiyo kanuni za mchezo hazinisumbui. Kinachonitatiza ni tiketi na ratiba.

Tiketi zinatoka miezi kadhaa kabla ya droo, yaani kabla ya kupangwa nani atakutana na nani. Mtu anachaguaje siku wakati hakuna ajuaye nani atacheza? Bajeti ni ya siku mbili tu. Je, ni heri siku mbili za wiki ya kwanza, au fedha yote iende kwenye robo fainali moja na kiti kizuri? Foleni ya Wimbledon inaendeshwaje hasa? Na ni mambo gani huwaharibia siku wageni?

Mchezaji ninayemfuata ni mwanamume aliye kati ya nafasi ya 20 na 30 duniani. Bado sijaamua ni shindano lipi kati ya manne.

DrooNusu

Ndugu MkonoMmoja, ni kweli huwezi kujua majina mapema, lakini raundi unaijua mwaka mzima kabla. Na droo ikishatoka unaweza kuandika siku zote za mchezaji wako mpaka fainali.

Anza na Wimbledon, ndiyo rahisi kuhesabu. Inaanza Jumatatu. Raundi ya kwanza ni Jumatatu na Jumanne, ya pili Jumatano na Alhamisi, ya tatu Ijumaa na Jumamosi, ya nne Jumapili na Jumatatu, robo fainali Jumanne na Jumatano. Kisha nusu fainali za wanawake Alhamisi, za wanaume Ijumaa, fainali ya wanawake Jumamosi na ya wanaume Jumapili. Ukikutana na mwongozo unaosema Jumapili ya katikati ni mapumziko, huo umepitwa na wakati; tangu 2022 ni siku ya mechi kama nyingine. Australian Open, Roland Garros na US Open huanza Jumapili, raundi ya kwanza inatandazwa siku tatu, halafu kuanzia Jumatano zote zinakwenda mwendo uleule wa Wimbledon. US Open ndiyo ya mwisho kuhamia Jumapili, mwaka 2025.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Droo ya watu 128 ina nusu ya juu na nusu ya chini. Nusu moja hucheza leo, nyingine kesho, na hubaki hivyo hadi robo fainali. Mtu aliyeanza Jumatatu pale Wimbledon atarudi Jumatano, Ijumaa, Jumapili, Jumanne, mradi ashinde na mvua isivuruge. Droo yenyewe hufanywa Alhamisi au Ijumaa kabla ya shindano. Kumbuka nusu za wanaume na za wanawake hazifungamani: ukifuata mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wanaweza kuangukia siku tofauti wiki nzima.

Kuhusu mtu wako wa 20 hadi 30: wachezaji 32 wa juu hupewa namba kwenye droo, na wenye namba hawakutani kabla ya raundi ya tatu. Lakini namba 17 hadi 24 hupangwa kukutana na mmoja wa 9 hadi 16 katika raundi hiyo, wakati 25 hadi 32 hupangwa na mmoja wa wanane wa kwanza. Kwa hiyo kati ya namba 24 na namba 25 kuna pengo kubwa kuliko linavyoonekana kwenye orodha. Akiwa 24, Ijumaa au Jumamosi anaweza kucheza na namba 9 kwenye uwanja wa ukubwa wa kati. Akiwa 25, anaweza kupewa bingwa mtetezi kwenye uwanja mkuu, na tiketi ya viwanja vya nje haitakusaidia kumwona.

Namba hizo hutolewa kwa orodha ya ubora ya wiki ya kabla ya shindano, kwa hiyo mfuatilie kwenye mashindano ya mwisho kuelekea hapo. Pointi huishi wiki 52. Kama mwaka jana alifika raundi ya nne ya Grand Slam ana pointi 200 za kutetea, raundi ya tatu 100, robo fainali 400. Kwa mtu wa nafasi hizo, pointi 200 zikianguka zinaweza kumtoa kabisa kwenye wale 32, na asiye na namba anaweza kukutana na namba 1 siku ya kwanza.

UdongoMwekundu

Nakubaliana na DrooNusu, naongeza hesabu ya mechi, maana ndiyo inayojibu swali la robo fainali.

Raundi ya kwanza ya Wimbledon ina mechi 128 za mmoja mmoja ukijumlisha wanaume na wanawake. Gawa kwa siku mbili: mechi 64 kwa siku, kwenye viwanja 18. Raundi ya pili zinabaki 32 kwa siku, ya tatu 16, ya nne 8. Siku ya robo fainali kuna mechi 4 tu, na uwanja mmoja wa tiketi yako unakupa 2 kati ya hizo. Zinazobaki nje ni za wawili wawili, za vijana na za walemavu wa viti vya magurudumu, ambazo ni nzuri kweli, ila usizinunulie tiketi ya robo fainali.

Kwa siku mbili ningeshauri Jumanne ya kwanza na Ijumaa au Jumamosi ya kwanza. Siku ya kwanza tiketi ya viwanja vya nje, ya pili kiti cha uwanja wa pili au wa tatu kwa ukubwa. Jumanne unaona wachezaji kwa umbali wa mita chache, kiasi kwamba unasikia viatu vikiteleza na unaona raketi inavyofungwa uso mpira wa juu unapopigwa kwa mzunguko. Ijumaa ndipo wenye namba wanapoanza kuumana.

Roland Garros ina faida yake hapo. Tiketi ya uwanja wa Philippe-Chatrier, Suzanne-Lenglen au Simonne-Mathieu inakupa kiti chenye namba na pia ruhusa ya kuzunguka viwanja vya nje. Tiketi ya viwanja vya nje haikuingizi kwenye hivyo vitatu. Simonne-Mathieu ndio ninaoupenda kuliko vyote: viti 5,000 tu, na umezungukwa na nyumba za vioo za mimea. Wengi hukimbilia Chatrier na kuishia safu za juu kabisa, wakati kwa fedha pungufu wangekaa Mathieu karibu na mstari wa nyuma. Cheki pia uwanja nambari 14, uliozamishwa nusu ardhini. Huko huwa wanawekwa Wafaransa wa nafasi za kati na kelele zake hazina mfano.

Onyo la Chatrier: tiketi ya mchana na ya usiku ni mbili tofauti. Tangu 2021 kikao cha usiku kina mechi moja tu, kinaanza saa mbili na robo usiku. Mechi ikiisha kwa dakika 80, ndiyo imeisha. Mtu mwenye bajeti ya siku mbili asiiguse.

Tiketi za Roland Garros zina jina la mtu na zinakaa kwenye programu ya simu. Utaombwa kitambulisho. Picha ya skrini uliyotumiwa na muuzaji wa mtandaoni haikupitishi mlangoni, hata kama tiketi yenyewe ilikuwa halali ya mtu mwingine. Ukikosa wakati wa mauzo ya kwanza, kuna huduma rasmi ya kuuziana upya ndani ya tovuti yao. Tiketi hujitokeza moja moja, hasa siku chache kabla, watu wanapoona droo imewakataa. Ingia asubuhi na usiku, na uwe umeshaingiza taarifa zako za malipo.

FoleniYaNyasi

Wimbledon nijibu mimi.

Kuna njia kuu mbili kwa mtu wa kawaida. Ya kwanza ni bahati nasibu ya tiketi, inayofunguliwa miezi mingi kabla. Huchagui siku wala uwanja. Unapewa ulichopewa, unakubali au unakataa, na huwezi kumpa mtu mwingine. Ya pili ni foleni.

Foleni iko Wimbledon Park, kituo cha karibu ni Southfields kwenye laini ya District. Kila siku hutengwa takriban tiketi 500 za Centre Court (uwanja mkuu), 500 za uwanja nambari 1 na 500 za nambari 2, pamoja na maelfu ya tiketi za viwanja vya nje. Siku nne za mwisho foleni haina tiketi za Centre Court. Ukifika unakwenda mwisho wa mstari na unapewa kadi yenye tarehe na namba. Kadi hiyo ndiyo nafasi yako. Itunze mpaka uingie. Mtu mmoja, kadi moja, tiketi moja. Huwezi kumshikia nafasi rafiki aliyelala hotelini.

Wanaotaka viwanja vikubwa hulala hapohapo. Hema lisizidi la watu wawili. Ukiondoka kwa ajili ya choo au chakula, usizidi nusu saa. Wasimamizi huamsha watu kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili asubuhi, hema linakunjwa, mzigo unapelekwa kwenye hifadhi ya mizigo, mstari unabanwa. Baadaye asubuhi wanapita wakigawa bangili za viwanja vikubwa kwa walio mbele. Hapo unachagua: ukiwa namba 400 unaweza kuchukua Centre Court, lakini ukiwa umeshaona ratiba ya siku na mchezaji wako yuko nambari 2, chukua ya nambari 2. Viwanja vinafunguliwa saa nne, mechi za nje zinaanza saa tano asubuhi, nambari 1 saa saba mchana, Centre Court saa saba na nusu.

Kosa la foleni ni kufika saa tatu asubuhi ukidhani utaingia saa nne. Tiketi za nje zikiisha, mlango unafanya kazi ya mmoja-atoke-mmoja-aingie, na unaweza kusimama hadi alasiri. Kwa tiketi ya nje, uwe kwenye mstari alfajiri. Na siku ya kwanza, Jumatatu, ndiyo yenye msongamano kuliko zote.

Tiketi ya nje pale inakuingiza kwenye viti visivyo na namba vya uwanja nambari 3 na viwanja 4 hadi 18. Nambari 18 ndipo John Isner na Nicolas Mahut walipocheza kwa muda wa saa 11 na dakika 5 mwaka 2010, siku tatu, 70-68 kwenye seti ya tano. Kibao cha kumbukumbu kiko ukutani nje, na kila mpenzi wa tenisi husimama pale hata kama ndani kuna mechi nzuri.

Halafu kuna jambo zuri mno la alasiri. Wenye tiketi za viwanja vikubwa wanaoondoka mapema huzirudisha, na zinauzwa upya kwa bei ndogo kwa watu waliomo ndani tu; fedha inakwenda kwenye hisani. Siku hizi unajiunga na mstari huo kupitia programu ya simu ya shindano. Jiunge mapema, endelea kutazama mechi zako za nje, utaitwa.

MkonoMmoja

Asanteni sana, tayari mmenibadilisha mawazo kuhusu robo fainali. Naomba mnifafanulie mawili. Ratiba ya siku ikisema mchezaji wangu ni mechi ya nne uwanja nambari 12, nikakae saa ngapi? Na kiti: nyuma ya mstari au pembeni? Kwenye runinga kamera iko nyuma siku zote, ndiyo nilichozoea.

SaaYaMechi

Ratiba hutoka jioni ya siku iliyotangulia. Mechi ya kwanza ya kila uwanja ndiyo pekee yenye saa ya uhakika. Zinazofuata zinaanza iliyopo ikiisha, isipokuwa zile chache zilizoandikwa "si kabla ya saa fulani", ambazo zinaweza kuchelewa lakini haziwezi kuwahi.

Fanya hesabu hivi. Uwanja unaanza saa tano asubuhi na una mechi nne: wanawake, wanaume, wanawake, wanaume. Weka saa moja na dakika 40 kwa mechi ya wanawake, saa mbili na dakika 50 kwa ya wanaume, na robo saa kati ya mechi na mechi, maana wachezaji wanaingia, sarafu inarushwa, wanapasha misuli dakika 5. Mechi ya nne inaangukia karibu saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni katikati ya makadirio. Wanaume wakimaliza seti tatu bila, inavutwa hadi saa kumi na moja; wakienda seti tano, inasogea hadi karibu saa moja usiku. Mtu akijitoa kwa majeraha mechi inaondoka yote, na hapo waliokwenda kutembea wanakuta milango imejaa. Kwa hiyo fuatilia matokeo ya uwanja huo kwenye simu kila nusu saa, na uwanja mdogo ingia mechi moja kabla. Nenda seti ya kwanza ya mechi ya tatu inapomalizika. Watu hutoka hapo. Usisubiri mechi iishe, kwa sababu wanaotoka ni wachache kuliko waliojipanga nje.

Kule Wimbledon viwanja vya nje havina taa. Mechi ya nne iliyochelewa inaweza kukatizwa na giza na kumaliziwa kesho yake, na tiketi yako ni ya leo.

Milango nayo ina sheria zake. Unaingia na kutoka wachezaji wanapobadilishana upande, yaani jumla ya gemu za seti ikiwa witiri. Ila baada ya gemu ya kwanza hawakai chini, wanapita tu, kwa hiyo muda hautoshi na mara nyingi kamba haifunguliwi mpaka 2-1 au 3-0. Kuanzia hapo wanapumzika sekunde 90, na kati ya seti sekunde 120. Ukitoka kwenda chooni 3-2, utarudi mapema kabisa baada ya gemu ya saba. Ukitoka 6-5 na seti ikaingia taibreki (gemu ya kuamua seti ikiwa 6-6), umeikosa taibreki. Australian Open ililegeza hili mwaka 2024. Pale watu wanaingia kati ya gemu yoyote na gemu. Wimbledon na Roland Garros kamba bado ni kamba.

Kuhusu kiti, naona nyuma ya mstari ndiko kwenye elimu, lakini si safu za chini. Ukikaa chini sana nyuma, kina cha uwanja kinapotea: huwezi kutofautisha mpira uliotua mita moja kutoka mstarini na uliotua mita tatu. Panda safu ya kumi hadi ya ishirini. Hapo unaona pembe zinavyofunguka, servisi (mpira wa kuanzisha) ya kupinda inavyomtoa mpokeaji nje ya uwanja, na anayepokea anasimama wapi kwa servisi ya kwanza na ya pili.

JuaLaMagharibi

Naomba nitofautiane kidogo na SaaYaMechi. Kwa mtu aliyezoea kamera ya nyuma, kiti cha pembeni ndicho kitakachompa kitu kipya. Runinga inaficha vitu viwili: kasi, na urefu wa mpira juu ya wavu. Kaa pembeni usawa wa mstari wa servisi, safu ya tano au ya sita, utaona mpira wa udongoni, kama pale Roland Garros, ukipanda juu kabisa ya wavu kisha ukianguka ghafla ndani ya mstari. Shingo itachoka, ni kweli. Basi kwenye viwanja vya nje, ambako viti havina namba, kaa seti moja pembeni na moja nyuma.

Kikubwa zaidi kuliko pande hizo ni jua. Viwanja vya tenisi hujengwa takriban kaskazini-kusini ili wachezaji wasipigwe na jua machoni asubuhi na jioni. Matokeo yake watazamaji wa upande wa mashariki wanatazama magharibi na wanalichukua jua la alasiri usoni. Paris, London na New York, upande wa magharibi ndio unaopata kivuli kwanza, na jukwaa la kusini jua linakuwa mgongoni. Melbourne jua linapita kaskazini, kwa hiyo geuza: tafuta kaskazini na magharibi, kwepa jukwaa la kusini la mchana. Ramani ya viti kwenye ukurasa wa tiketi mara nyingi haina alama ya kaskazini. Fungua ramani ya setilaiti, tafuta uwanja, linganisha na ile ya viti. Dakika tano zinakuokoa saa sita za kukunja uso.

Melbourne wana kipimo cha joto cha ngazi 1 hadi 5 tangu 2019, kinachounganisha joto la hewa, mionzi ya jua, unyevu na upepo. Kikifika 4 wachezaji wanaweza kupata mapumziko ya dakika 10; kikifika 5 mechi za nje zinasimama, na zinaendelea zilizo chini ya paa tu. Viwanja vitatu vina paa: Rod Laver, Margaret Court na John Cain. Januari hiyo, mwenye tiketi ya nje awe na mpango wa saa za katikati ya mchana. Kuna mazoezi, kuna kivuli, na jioni viwanja vinapoa na watu wanapungua.

Na mvua kule kwingine: Centre Court ilipata paa 2009, nambari 1 mwaka 2019, Chatrier 2020, Lenglen 2024, na viwanja vya US Open: Arthur Ashe 2016, Louis Armstrong 2018. Kama una siku moja tu ya uhakika na umetoka mbali, kiti chini ya paa ni bima. Ila kufunga paa la Wimbledon kunachukua hadi dakika 10, kisha hewa ya ndani isawazishwe nyasi zisiteleze, karibu nusu saa nyingine. Usiondoke kitini ukidhani siku imekwisha.

DrooNusu

Narudi kwenye makosa ya wageni, kwa kuwa hakuna aliyeyagusa yote.

Mkoba ndio wa kwanza. Wimbledon wanaruhusu mmoja usiozidi sentimita 40 kwa 30 kwa 30. Roland Garros lita 15. US Open begi la mgongoni haliruhusiwi kabisa, hata dogo, na watu wanarudishwa getini kwenda kutafuta pa kuuhifadhi huku mechi ya kwanza ikichezwa. Soma orodha ya mwaka husika wiki moja kabla, inabadilika.

Simu ndiyo ya pili. Tiketi iko ndani ya simu, ratiba iko ndani ya simu, matokeo pia. Ikizima kabla ya geti huna tiketi. Nenda na chaja ya kubeba.

Ya tatu ni usafiri wa kurudi. Wimbledon mechi hazipiti saa tano usiku, basi hapo uko salama. US Open ya 2022, Carlos Alcaraz na Jannik Sinner walimaliza robo fainali saa tisa kasoro dakika kumi usiku. Melbourne 2023, Andy Murray na Thanasi Kokkinakis walimaliza saa kumi na dakika tano alfajiri. Ukinunua kikao cha usiku, usikate ndege ya asubuhi.

Na ya nne, majina ya mabango. Orodha ya washiriki hufungwa takriban wiki sita kabla, na kati ya hapo na siku ya kwanza daima kuna wanaojitoa. Tiketi hairudishwi fedha kwa sababu nyota fulani ameumia. Ukitaka uhakika wa kumwona mtu wa juu kabisa, tazama fainali za mwisho wa mwaka za ATP (ziara ya wanaume) kule Turin: wachezaji 8, makundi mawili, kila mmoja anacheza mechi tatu za kundi hata akipoteza ya kwanza. Hata huko anaweza kujitoa na akaingia mbadala, ila nafasi ya kumwona ni kubwa kuliko popote.

UdongoMwekundu

Na usisahau wiki ya mchujo. Wanaume 128 na wanawake 128 hucheza raundi tatu, 16 kila upande wanaingia kwenye droo kuu. New York kuingia wiki hiyo ni bure. Huku wa mchujo wanauana kwa ajili ya nafasi, nyota wanafanya mazoezi viwanja vya jirani, na ratiba ya mazoezi hutangazwa. Zoezi la saa moja lina mafunzo yake: dakika za mwanzo wanapiga polepole katikati ya uwanja, kisha pembe, kisha volei (kupiga mpira kabla haujadunda), mwisho servisi na mapokezi, na hapo kocha anasimama hatua mbili nyuma ya mstari akirekebisha mahali mpira unaporushwa. Hicho runinga haikuonyeshi.

Mechi za wawili wawili zinaanza siku ya tatu au ya nne, kwenye viwanja vidogo, na wachezaji wa nafasi ya 20 hadi 30 wengi hushiriki. Mtu wako akicheza mmoja mmoja kwenye uwanja usioweza kuingia, tafuta jina lake kwenye droo ya wawili.

Ukiwa Roland Garros, angalia jambo moja kwa makini: tabaka la matofali mekundu yaliyosagwa ni la milimita moja au mbili tu, chini yake kuna chokaa nyeupe. Mpira unaacha alama. Wimbledon walipoondoa waamuzi wa mistari mwaka 2025, Roland Garros ikabaki Grand Slam pekee yenye nao, kwa hiyo bado utamwona mwamuzi akishuka kitini, akitembea hadi kwenye alama na kuizungushia kidole. Kama umekaa chini, tazama umbo lake. Servisi bapa ya kasi huacha alama ndefu, mpira wa juu wenye mzunguko huacha ya mviringo. Wachezaji hubishana hasa juu ya hilo, kama alama inayoonyeshwa ndiyo yenyewe.

MkonoMmoja

Basi nimeamua Roland Garros, Jumanne viwanja vya nje na Ijumaa Simonne-Mathieu. Swali la mwisho: mipira mipya inabadilishwa lini hasa? Uwanjani hakuna mtangazaji wa kunikumbusha.

SaaYaMechi

Baada ya gemu 7 za kwanza, kisha kila baada ya gemu 9. Yale mawili yanayopungua mwanzoni ni kwa sababu mipira hiyohiyo ilitumika kupasha misuli. Kwa hiyo hesabu jumla ya gemu za mechi nzima: 7, 16, 25, 34. Gemu inayofuata kila moja ya hizo ndiyo ya mipira mipya. Anayeanzisha atainua mpira juu kumwonyesha mpinzani.

Udongoni tofauti inaonekana kwa macho. Mpira wa gemu 9 umevimba manyoya, umenyonya vumbi na unyevu, unapaa polepole. Mpya ni laini, unakata hewa, unaruka juu zaidi. Anayeanzisha anapata pointi za haraka, lakini gemu hiyohiyo anayepokea naye anaweza kuutoa nje mpira ambao dakika tano zilizopita ungeangukia ndani. Tazama mpokeaji ananyanyua mipira mingapi nje kwenye pointi mbili za kwanza, halafu tazama kama anasogea nyuma. Uwanja wa Simonne-Mathieu ni mdogo wa kutosha kuona hatua hizo bila darubini.

Tiketi ya Ijumaa itafute sasa. Ya Jumanne inaweza kusubiri mauzo ya pili.